Sahihi ya Bwana: Mstari Mmoja wa Fomu Yetu Ulitoka Wapi?



Kwenye fomu ya mfuko wetu wa mkopo, chini kabisa, kuna mstari unaosema: Sahihi ya bwana. Mwezi uliopita mama mmoja muuza ndagala hapa Baraka alirudisha fomu yake bila kuujaza. Nilipomuuliza, akanijibu: "Bwana yangu iko Misisi kwenye dhahabu, mwaka wa pili sasa. Nimutoe wapi?" Karani akamwambia alete shemeji. Shemeji akaja, akaisoma fomu mara mbili, akasema atatia sahihi ila na yeye apate kitu. Mama akabeba beseni lake akaenda. Fomu iko bado ndani ya sanduku la ofisi.

Katika kikao cha komite nikauliza: huu mstari nani aliuweka? Mzee wetu mmoja akasema ni sheria ya Leta. Mama mmoja akasema hapana, ni desturi ya wazee. Karani, naye ni mtu mkweli, akasema aliunakili kwenye fomu ya mradi mwingine uliokwisha zamani. Nimetafuta, na nimeona wote watatu wana sehemu ya haki. Lakini historia yake ni ndefu, na ndani yake kuna jambo linalotuhusu sisi: nani anakaa pale ambapo karatasi zinaandikwa, na hiyo inabadilisha nini kwa mwanamke anayetafuta kazi.

Kwanza tuelewane juu ya neno kazi. Hakuna mtu wa Fizi au wa Uvira atakayesema wamama hawafanyi kazi. Shamba la mihogo ni wao, kuni ni wao, maji ni wao, ndagala ikitoka ziwani mikono inayoianika ni yao. Ninayoizungumzia hapa ni kazi yenye franga na yenye karatasi: mshahara, mkataba, mkopo, kibanda kilichoandikwa kwa jina lako, leseni ya biashara. Kazi ya namna hiyo ina mlango, na mlangoni daima kuna mtu mwenye kalamu.

Wakati wa Wabeljiki kalamu hiyo ilimtazama mwanaume tu. Kule Katanga, Union Minière ilipoamua wafanyakazi wake wakae na familia zao kambini, posho ya bibi na watoto ilihesabiwa juu ya kazi ya bwana. Bibi hakuwa na karatasi yake. Katika miji, wake za wafanyakazi waliofundishwa waliitwa kwenye majumba ya "foyer social", wakajifunza kushona, kupika na kutunza watoto. Sisemi mafundisho yale yalikuwa mabaya; bibi yangu mzaa mama alishona mpaka uzee wake na cherehani ilisomesha watoto. Lakini yalimfundisha kuwa mke mzuri wa karani. Ukarani wenyewe hawakumfundisha.

Na yule aliyeishi bila bwana? Huyo alilipishwa kodi. Wabeljiki walikuwa na kodi maalumu ya mijini kwa wanawake waliowaita "wanaoishi peke yao", na kila mtu alijua neno hilo lilimaanisha nini kwa midomo ya watu. Huko Usumbura, Bujumbura ya leo, ng'ambo ya Uvira, wamama Waislamu wa kartie ya Buyenzi, watu wa Kiswahili kama sisi, waliipigia kelele kodi hiyo katika miaka ya 1950, kwa sababu hata mjane mwenye heshima zake aliandikwa pamoja na malaya. Walikuwa na sauti na ujasiri. Hawakuwa na hata kiti kimoja mahali kodi ilipoamuliwa.

Sheria yenyewe ya ndoa ilitoka mbali. Wabeljiki waliichukua kwa Wafaransa, katika kitabu cha sheria cha Napoleon cha 1804, kilichosema bwana amlinde bibi na bibi amtii bwana. Kwa miaka zaidi ya mia moja mwanamke wa Ubeljiki mwenyewe hakuweza kufanya mkataba bila ruhusa ya mumewe. Wanawake wa kule walipata kura kamili ya bunge mwaka 1948. Miaka 10 baadaye, kwa sheria ya tarehe 30 Aprili 1958, uwezo huo wa bwana juu ya bibi ukafutwa. Mniwekee mwaka huo akilini, 1958, miaka 2 kabla ya uhuru wetu. Wao walijitoa ndani ya sheria hiyo, na sisi tukabaki nayo.

Uchaguzi wa Mei 1960, ule uliomleta Lumumba, wapiga kura walikuwa wanaume peke yao. Andrée Blouin alizunguka Kwilu akiwakusanya wamama kwa maelfu kwa ajili ya chama cha PSA, lakini siku ya kura wamama hao walibaki nyumbani, wakiwangojea waume zao warudi na habari. Hatukuwa hata na msichana mmoja Mkongomani mwenye diplome ya universite. Wa kwanza, Sophie Kanza, aliipata Lovanium mwaka 1964. Miaka 2 baadaye, Oktoba 1966, Mobutu akamfanya waziri. Alikuwa na miaka 26. Mwaka 1967 Katiba mpya ikawapa wanawake kura.

Hapa ndipo mambo yanapokuwa ya ajabu, na ninaomba mnivumilie nikae hapa kidogo.

Mwaka huohuo wa 1967, mwezi wa Agosti, ikatoka Sheria ya Kazi. Juu ya mwanamke aliyeolewa ilisema hivi, kwa maneno yangu: anaweza kuingia kazi, isipokuwa bwana wake akipinga waziwazi. Si haki sawa, ndiyo. Lakini angalieni namna ilivyofungwa. Bwana akinyamaza, kazi inaendelea. Bwana akiwa safarini, kazi inaendelea. Ni lazima yeye ainuke, aende kwa mkubwa wa kazi, aseme mbele za watu: sitaki.

Kisha miaka 20 ikapita. Mobutu alishazoea kuweka wanawake katika serikali na katika chama cha MPR, na picha zao zilitoka magazetini wakiwa na vitambaa vizuri. Tarehe 1 Agosti 1987 akatia sahihi Sheria ya Familia, ile wengi wanaiita Kode ya Familia. Kifungu cha 444 kikasema bwana ni mkubwa wa nyumba, anamlinda bibi, na bibi anamtii. Ni maneno ya Napoleon karibu yaleyale, miaka 183 baadaye, tena wakati wa siasa ya "otantisite", tulipokuwa tunakatazwa majina ya Kizungu! Kifungu cha 448 kikaongeza: bibi lazima apate ruhusa ya bwana kwa kila mkataba unaomfunga kufanya kazi yeye mwenyewe.

Mmeona tofauti? Mwaka 1967 bwana akinyamaza, bibi anafanya kazi. Mwaka 1987 bwana akinyamaza, bibi anakaa. Kwa mwanamke mwenye bwana mwema anayelala nyumbani, tofauti ni ndogo; ataomba, atapewa. Kwa mwanamke ambaye bwana wake yuko Misisi, au alibaki Nyarugusu akingoja jina lake litoke kwenye orodha ya Marekani, au hajulikani yuko wapi tangu vita, tofauti ndiyo maisha yenyewe. Na ninyi mnajua vizuri katika chama chetu wako wangapi wa namna hiyo.

Basi mama waziri wa wakati ule aliweza kutia sahihi karatasi za Leta zenye mamilioni, lakini kama ameolewa, kifungu cha 448 kilimhesabu kama mtoto anayeombewa ruhusa. Ndiyo maana mimi sishangilii haraka nikisikia "wanawake wameingia serikalini". Kuna kuingia kwa kualikwa, na kuna kuingia kwa kuwa na sauti juu ya kinachoandikwa. Wanawake wa Mobutu waliteuliwa na mtu mmoja na waliweza kuondolewa na mtu huyohuyo asubuhi inayofuata. Nani kati yao angesimama kumwambia kifungu hiki kitafunga mlango wa muuza samaki wa Fizi?

Na sheria haikutembea kwa miguu yake mpaka kwetu. Wababa wengi hawakuijua hata kidogo. Ukimuuliza mzee wa Lulenge juu ya kifungu cha 448 atakuuliza kama ni namba ya gari. Aliyeijua ni karani wa banki, karani wa rejista ya biashara, mkubwa wa kampuni. Wao waliigeuza kuwa mstari kwenye fomu. Mradi mmoja ukanakili fomu ya banki, mradi wa pili ukanakili wa kwanza, na sisi tukanakili wa pili. Hivyo mzee wetu alisema kweli: ilikuwa sheria ya Leta. Na karani wetu alisema kweli.

Mwaka 1996 vita ikaja, tukavuka ziwa. Wengi wetu tuliishia Nyarugusu, wengine Lugufu. Kambini kazi ilikuwa kidogo kwa wote, wababa na wamama, maana hatukuruhusiwa kupita kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Lakini kulikuwa na karatasi moja iliyozidi zote: kadi ya posho. Iliandikwa jina la mkubwa wa nyumba. Bwana mwenye nyumba mbili alipochukua unga akaupeleka nyumba ndogo, bibi mkubwa alikuwa na njia gani? Ni mambo ya Union Minière tena, ila safari hii na unga wa njano.

Mwaka 2001 HCR iliahidi mambo matano kwa wanawake wakimbizi. Mojawapo ni kwamba nusu ya wajumbe wa komite za wakimbizi wawe wanawake. Lingine, kila mwanamke aandikishwe mwenyewe na apate karatasi zake. Lingine tena, wawepo kwenye ugawaji wa chakula. Nilikuwa mtoto, lakini ninakumbuka kicheko. Wababa walisema wazungu wametuletea serikali ya majiko. Wamama wa kwanza kuingia komite walikaa nyuma, wakafunika midomo na kitenge. Baada ya muda walianza kuuliza: kwa nini kipimo cha mafuta ni kidogo kwa block yetu? Kwa nini anayepima ni kijana mmoja tu kila siku? Hawakugeuza kambi kuwa paradiso, na wengine kati yao walijifunza kula kama wanaume walivyokula. Lakini wale walioshika mizani ya posho, walioandika majina, waliopata insentivu ya mwezi ndogo ndogo, ndio hao leo nawakuta Baraka na Uvira wakiwa wahasibu wa likelemba, wakunga wasaidizi, walimu. Kazi yao ya kwanza yenye karatasi ilianzia kwenye kiti cha komite.

Tanzania yenyewe tuliiona kwa macho. Katika halmashauri ya kijiji sheria yao inataka robo ya wajumbe angalau wawe wanawake. Wengi wetu waliokwenda kulima vibarua vijiji vya Kasulu walirudi wakisimulia: kule mwenye shida anampelekea mama mjumbe.

Wakati sisi tuko kambini, nyumbani mambo yalikuwa yanaandikwa upya. Februari 2002 wanawake wa Kongo kutoka pande zote, wa serikali, wa waasi, wa upinzani na wa jamii ya raia, walikutana Nairobi kabla ya mazungumzo ya Sun City, wakatoka na madai ya pamoja. Katiba ya Februari 2006 ikapokea sehemu ya madai hayo: kifungu cha 14 kinasema Leta ihakikishe usawa wa wanawake na wanaume katika vyombo vya nchi. Maneno mazuri. Sheria ya uchaguzi ya mwaka huohuo ikayatoa meno: orodha ya wagombea isiyo na usawa haiwezi kukataliwa kwa sababu hiyo. Vyama vikaelewa ujumbe. Bungeni wakaingia wanawake 42 kati ya watu 500. Mwaka 2011 hesabu haikufika hata 10 kwa 100.

Lakini bunge hilohilo la wanawake wachache ndilo lililofuta sahihi ya bwana. Kwanza ikaja sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 juu ya haki za mwanamke na usawa. Kisha tarehe 15 Julai 2016 Sheria ya Familia ikarekebishwa, na siku hiyohiyo Sheria ya Kazi nayo ikaguswa. Ruhusa ya bwana ikaondoka. Wachache waliwezaje? Si kwa kura zao. Bila wababa wabunge sheria haipiti. Nje ya bunge kulikuwa na mawakili wanawake na vyama vya wamama vilivyobisha hodi miaka na miaka. Lakini nje unaweza kubisha mpaka mkono uchoke kama ndani hakuna mtu wa kufungua, wa kuweka jambo kwenye orodha ya siku, wa kukaa katika komisheni na kuuliza swali lilelile kila kikao. Wachache wanatosha kwa kazi hiyo. Ila mfuate miaka: tangu 1987 hadi 2016 ni miaka 29. Wangekuwa wengi, mimi naamini isingechukua miaka 29.

Nawaomba sasa mshike vizuri sheria mpya inasemaje, maana kuna uongo mwingi unatembea. Haisemi bibi afanye anachotaka. Haisemi bwana si mkubwa wa nyumba. Neno hilo limebaki, wapende wasipende waliotaka liondoke. Kifungu kipya cha 448 kinasema bwana na bibi wakubaliane juu ya mikataba inayowafunga, mmoja mmoja au pamoja. Bwana na bibi! Yaani inakwenda pande zote mbili. Sasa chukueni fomu zetu za mkopo. Fomu ya mama ina mstari wa sahihi ya bwana. Fomu ya baba nimeipindua mbele na nyuma: haina mstari wa sahihi ya bibi. Baba anaweza kukopa kwa mfuko wetu, deni likaingia nyumbani, na bibi akajua siku karani anapokuja kuhesabu mbuzi. Kwa hiyo mzee wetu, kwa heshima zote, alisema kweli ya zamani. Tangu Julai 2016 fomu yetu inafuata sheria iliyokufa.

Mtu atauliza: je, kufuta karatasi kunaleta kazi kweli? Swali zuri, na jibu si "ndiyo" tu. Ethiopia ilirekebisha sheria yake ya familia mwaka 2000 na kumnyima bwana uwezo wa kumkataza bibi kufanya kazi nje. Sheria haikuanza siku moja katika majimbo yote, kwa hiyo wachunguzi wa uchumi waliweza kulinganisha. Waliona kwamba pale ilipoanza mapema, wanawake waliongezeka zaidi katika kazi za nje ya nyumba, za mwaka mzima na za malipo. Banki ya Dunia nayo, katika ripoti yake ya Doing Business 2008, iliandika kwamba kwetu Kongo wanawake walikuwa wanaongoza 18 kwa 100 ya biashara ndogo, na kwa jirani Rwanda, ambako ruhusa ya bwana haikuhitajika, zaidi ya 41 kwa 100. Najua jina hilo la jirani linavyopokelewa huku kwetu, na hesabu zenyewe naziangalia kwa jicho moja: mama anayepanga nyanya juu ya gunia pembeni ya barabara hajawahi kuhesabiwa na mtu. Lakini ndilo hasa jambo. Haonekani kwa sababu hana karatasi, na hana karatasi kwa sababu ya mstari wa mwisho wa fomu.

Halafu kuna kazi ambayo hakuna fomu inayoizuia, inazuiwa na maji. India mwaka 1993 ilibadilisha katiba yake ili theluthi ya viti vya halmashauri za vijiji viwe vya wanawake, na vijiji vya kuongozwa na mwanamke vikawa vinachaguliwa kama kwa bahati nasibu. Mwaka 2004 wachunguzi wawili, Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo, walionyesha kwamba vijiji vilivyoongozwa na wanawake viliweka pesa zaidi kwenye maji ya kunywa, kwa sababu hilo ndilo wanawake walilokuwa wanaliomba. Mwenye kutembea na bidoni saa mbili asubuhi na saa mbili jioni hahitaji nimweleze maana yake kwa biashara. Ukimrudishia saa hizo nne, umempa siku nzima ya soko.

Tukirudi kwetu: mwaka 2019 Jeanine Mabunda aliongoza Bunge la taifa, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Sheria ya uchaguzi ya 2022 imesamehe malipo ya dhamana kwa orodha yenye nusu ya wanawake. Aprili 2024 Judith Suminwa Tuluka akawa Waziri wa Kwanza, kiti ambacho hakuna mwanamke aliyekikalia tangu uhuru. Nimefurahi, sitaficha. Watoto wa kike wa shule ya hapa jirani waliniuliza jina lake linaandikwaje. Lakini kutoka kiti hicho mpaka Baraka kuna safari ndefu, na njiani kuna barriere nyingi. Uchaguzi wa washauri wa komini wa Desemba 2023 ulifanyika kwenye miji mikuu ya provensi tu. Sheferi zetu zinaongozwa kwa desturi, na desturi hiyo ni ya wanaume. Anayegawa vibanda vya soko, anayekusanya taxe ya mzigo, anayeamua kisima kichimbwe wapi: kwa hao mama wa Fizi hajapiga kura hata siku moja.

Kura iliyo karibu naye kuliko zote ni ya chama chetu hiki. Katiba yetu ndogo inampa mwanachama kura moja, awe baba au mama. Wamama ni wengi kwenye mikutano yetu, kila mtu anaona. Lakini komite ya mkopo, ile inayokaa na fomu, ina wababa wanne na mama mmoja, na mama huyo ndiye anayepika chai wakati wa kikao. Nimesema kweli, mnisamehe.

Kwa wafadhili wetu nina neno moja dogo. Ripoti mnazotuomba zinataka hesabu ya wanawake "waliofikiwa". Tunaijaza kila robo mwaka na hesabu ni nzuri. Hamjawahi kutuuliza nani alitia sahihi kwa niaba yao, na pesa ililala kwa nani usiku wa kwanza. Muulize. Tutajibu kwa aibu kidogo, lakini tutajibu.

Wazee wawili wameniambia tukifuta mstari ule tutavunja nyumba za watu. Siwadharau, nyumba nyingi zimeshavunjwa na vita na hakuna anayetaka kuongeza. Lakini niliwauliza: deni la baba ambalo bibi halijui, hilo halivunji nyumba? Mmoja alicheka, mwingine akasema atafikiri. Wengine wanaogopa malipo: bwana asiposaini, nani atadaiwa? Atadaiwa aliyekopa, pamoja na watu wawili wa kikundi chake waliomdhamini, kama inavyofanyika katika likelemba zetu bila kalamu ya mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo kwenye mkutano mkuu wa mwezi ujao komite italeta mapendekezo mawili, na nimeomba yasomwe kwa sauti kwa ajili ya wasiosoma. La kwanza: mstari "Sahihi ya bwana" uondolewe, mahali pake kwenye fomu zote, ya baba na ya mama, paandikwe "Mwenzangu wa ndoa anajua mkopo huu: ndiyo, hapana, hayupo", bila kumnyima mkopo aliyejibu "hayupo". La pili: komite ya mkopo iwe na watu 6, wababa 3 na wamama 3, na chai ipikwe kwa zamu.

Mama muuza ndagala nilikutana naye tena juzi kando ya ziwa. Aliniuliza kama bado ni lazima amrudie shemeji. Nikamwambia angoje mkutano. Akasema ndagala haingoji, lakini atakuja, na atakuja na wenzake wa soko. Fomu yake nimeitoa chini ya sanduku nikaiweka juu.